Halmashauri "imefilisika" Uingereza, kwani hiyo notisi ya kifungu cha 114 ni nini?

Septemba 2023 habari zilisambaa kwamba Birmingham imefilisika, jiji zima, watu wakaanza kuulizana sasa taka atazoa nani na wazee walioko kwenye nyumba za matunzo watapelekwa wapi. Kwanza tuelewane, halmashauri ya Uingereza haifilisiki vile kampuni inavyofilisika, hamna mdai anayekuja kupiga mnada meza na viti, wala milango haifungwi. Kilichotoka pale ni notisi ya kifungu cha 114.

Kifungu chenyewe kiko kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1988. Halmashauri hairuhusiwi kukopa ili ilipie matumizi ya kila siku, lazima kila mwaka bajeti ibalansi, sasa mkuu wa fedha (sio meya, sio madiwani) akiona matumizi yatazidi hela iliyopo anatakiwa atoe ripoti. Anatakiwa kisheria, yaani hana hiari, na kumbuka huyu kaajiriwa na halmashauri hiyohiyo anayoenda kuianika. Akishaitoa, matumizi mapya yote yanasimama palepale isipokuwa yale ambayo sheria inalazimisha, mishahara inalipwa, mikataba iliyokwishasainiwa inaendelea, na madiwani wana siku 21 za kukaa waijadili. Mtu wa ofisini ndo anaiona vizuri: jana alikuwa anaagiza wino wa printa kwa imeili moja, leo ombi linapanda mpaka kwa wakubwa na swali ni moja tu, je sheria inatulazimisha kununua hii? Kama hailazimishi, imetoka hiyo.

Sasa wanafikaje huko. Hela yao inatoka hasa sehemu tatu, ruzuku ya serikali kuu, kodi ya halmashauri inayolipwa na kaya, na kodi ya majengo ya biashara. Kuanzia 2010 serikali kuu ilibana mkanda, na kwa hesabu za Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi hela ya serikali kwa halmashauri ilishuka kwa asilimia 49.1 kati ya 2010/11 na 2017/18, ukishatoa mfumuko wa bei. Karibu nusu! Mtu atasema si wapandishe kodi basi, ila kwa miaka ya karibuni halmashauri kubwa nyingi zikitaka kuvuka asilimia 5 kwa mwaka lazima ziitishe kura ya maoni ya wakazi, na nani atapiga kura ya kujiongezea kodi? Huku nako matunzo ya wazee, ulinzi wa watoto na watu wasio na makazi ni wajibu wa kisheria, huwezi kumwambia mtu rudi mwakani. Kwahiyo panga linaangukia kwenye maktaba, vituo vya vijana, bustani na ruzuku za mabasi, sio kwa sababu havina maana bali kwa sababu ndo vinavyokatika.

Wengine wakaona bora wajaribu biashara. Walikopa kwenye mfuko wa serikali wenye riba ndogo wakawekeza wakitegemea faida izibe pengo, na hapa binafsi naona ndo kulikuwa na uzembe mkubwa maana hii sio kazi ya halmashauri. Woking, mji wa watu laki moja hivi karibu na London, ulijenga magorofa marefu na hoteli kwa mkopo, Juni 2023 ukatoa notisi ukiwa na pengo la pauni bilioni 1.2 wakati hela yake ya kuendeshea mambo ilikuwa milioni 16. Thurrock wao walizama kwenye uwekezaji wa sola. Northamptonshire ilitoa notisi mbili ndani ya 2018 na ikauza makao yake makuu mapya, jengo la pauni milioni 53 lililofunguliwa miezi michache tu nyuma, afu ikawa inapanga humohumo. 2021 halmashauri hiyo ikafutwa kabisa, zikaundwa mbili.

Birmingham ina mkasa wake, usiutupe wote kwenye ruzuku. Kuna deni la kuwalipa fidia wanawake waliolipwa pungufu kuliko wanaume kwa kazi za thamani ileile, ambalo wakati ule lilikadiriwa kati ya pauni milioni 650 na 760, na kuna mfumo mpya wa kompyuta wa mahesabu uliowatokea puani. Serikali kuu ikaleta makamishna wa kuisimamia, na 2024 kodi ikapanda karibu asilimia 10 kwa ruhusa maalumu bila kura ya maoni ya wakazi.

Kuna pia njia ya kuikwepa notisi, inaitwa msaada maalumu wa kifedha. Jina linadanganya kidogo kwa sababu kwa kawaida hupewi hela ya bure, unapewa ruhusa ya kufanya kile ambacho sheria inakataza, yaani kukopa au kuuza ardhi na majengo halafu hela hiyo ulipie mishahara na matumizi ya kila siku. Deni linabaki kwako na riba juu. Mwaka wa fedha 2025/26 halmashauri 30 ziliruhusiwa hivyo, Birmingham ikiwemo, na nyingi kati yao hazijawahi kutoa notisi ya 114 hata siku moja.