Kabla ya Kujenga Tovuti Upya, Jueni Nani Anawaelekezea Watu

Taasisi ikitaka tovuti mpya, kikao cha kwanza huwa cha rangi na nembo. Naomba kianze na swali jingine: ni tovuti zipi zimeweka viungo vya kuja kwetu? Pengine shule moja inawaelekeza wazazi kwenye fomu yenu, na gazeti limeunganisha taarifa yenu ya miaka mitatu iliyopita. Mkihamisha kurasa hizo kimyakimya, anayebofya anaishia kwenye kosa la 404 (ujumbe kwamba ukurasa haupatikani), na ni nadra akawapigia simu kuwaambia.

Kuangalia ni bure. Fungueni Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, mthibitishe kuwa tovuti ni yenu kwa kuongeza rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi) kwenye DNS, yaani kumbukumbu za kikoa chenu (jina la tovuti), au kwa kupakia faili dogo la HTML kwenye seva. Sehemu ya viungo itawaonyesha tovuti zinazowaelekezea watu, kurasa zenu zinazolengwa zaidi, na maneno yaliyobeba viungo hivyo, yaani yale ambayo msomaji huyabofya. Orodha hiyo ni sampuli tu, kwa hiyo ilinganisheni na ya Bing Webmaster Tools, huduma kama hiyo ya mtambo wa utafutaji wa Bing.

Someni hayo maneno kwa makini. Mkikuta ya kamari au ya dawa za nguvu za kiume, tena yanaelekeza kwenye kurasa ambazo hamkuziandika, kuna uwezekano mkubwa tovuti imeingiliwa. Wavamizi hupenda vikoa vinavyoheshimika, kama .go.tz vya serikali na .ac.tz vya vyuo, kwa sababu tangu Google ilipoanza mwaka 1998, kiungo kimehesabiwa kama kura ya kuaminiwa. Hapo mwiteni mtaalamu wa TEHAMA siku hiyohiyo.

Viungo vya ovyo vilivyowekwa na tovuti za nje, vinavyoelekeza kwenye kurasa zenu halali tu, visiwakoseshe usingizi. Google ilitoa zana ya kuvikataa (kuiomba isivihesabu) mwaka 2012, lakini yenyewe inasema tovuti nyingi haziihitaji, na ikitumiwa vibaya inaweza kuwashusha kwenye matokeo ya utafutaji. Anayewauzia viungo mkataeni: ni kinyume cha kanuni za Google.

Mkishapata orodha, ipangeni katika safu mbili: anwani ya zamani na anwani mpya. Mkabidhini mjenzi wa tovuti kabla ya kusaini mkataba, na mkataba utamke kwamba kila anwani ya zamani itaelekezwa kwenye mpya kwa msimbo wa 301, unaosema ukurasa umehama moja kwa moja.