Jina, siri na ubunifu wa biashara yako una thamani gani? Dhana potofu na ukweli wake

Mwulize mwenye kiwanda cha kukamua alizeti pale Kizota, Dodoma, ana mali gani, ataanza kuhesabu: mashine, kichujio, Fuso, kiwanja, mashudu yaliyojaa stoo. Lebo iliyobandikwa kwenye dumu haitaji. Siku akija mtu anayetaka kuinunua biashara, lebo ileile inageuka kuwa ya mamilioni, na ukimuuliza yametoka wapi anakuangalia tu. Mara zote mbili hesabu haikupigwa.

Miliki ubunifu, yaani alama za biashara, hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), hakimiliki, siri za biashara na jamii yake, ina thamani inayotafutika kwa kalamu na karatasi. Mthamini anatafuta jibu la swali moja: ni fedha ipi inaingia kwa sababu ya mali hii, ambayo isingeingia kama isingekuwepo? Dhana nyingi ninazozisikia hapa Dodoma zinapotoka kwa sababu zinajibu swali jingine.

"Jina nimeshalisajili BRELA, kwa hiyo ni mali yangu"

Naanza na hii kwa sababu ikikosewa, hesabu zote zinazofuata ni kazi bure. Usajili wa jina la biashara na usajili wa alama ya biashara na huduma ni vitu viwili tofauti, hata kama vyote unavifuata BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo. Haki ya kumzuia mwenzako asilibandike kwenye bidhaa zinazofanana na zako inatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, nayo ina maombi yake na cheti chake. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, nayo ni habari nyingine kabisa: inazungumzia mafuta yaliyomo ndani ya dumu, hailindi jina lililo nje.

Asiyesajili alama hajapoteza kila kitu. Anaweza kwenda mahakamani kulalamika kwamba mtu anauza kwa kujifanya yeye. Ila itabidi athibitishe kwamba wateja wanalijua jina lake na kwamba wanachanganywa. Mnunuzi anayejua mambo atashusha bei kufidia kesi hiyo ambayo hata haijafunguliwa.

Kuna na mipaka. Usajili wa BRELA ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA. Kama sehemu ya mauzo yako inavuka kwenda Unguja na huko jina halijasajiliwa, mauzo hayo yasipewe uzito sawa na ya Bara.

Wenye viwanda vidogo vya mvinyo wanisikilize kwa hili: neno linalotaja mahali au aina ya bidhaa ni gumu kulishika peke yako. Kila mwenye zabibu za Hombolo, Mpunguzi au Makutupora ana sababu halali ya kuandika "Dodoma" na "mvinyo" kwenye chupa yake. Jina la namna hiyo linauza vizuri, lakini ukilithamini unakuta sehemu kubwa ya mvuto wake ni ya mkoa mzima.

"Thamani yake ni gharama niliyotumia"

Mwaka 1971 mwanafunzi wa usanifu wa michoro, Carolyn Davidson, alilipwa dola 35 kwa kuchora ile alama ya Nike. Sina haja ya kueleza zaidi. Upande wa pili nao upo: kuna watu wamechoma mamilioni kwenye nembo, vipeperushi na mabango ya barabarani kwa bidhaa ambayo haina mteja hata mmoja. Gharama ilikuwa kubwa, thamani hakuna.

Hata hivyo njia ya gharama haitupwi. Inafaa pale ambapo mwingine anaweza kutengeneza kitu kama hicho akitaka. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ameandika programu ya kusimamia mauzo na stoo ya duka la dawa. Anayetaka kuinunua atajiuliza: nikiajiri waandishi wawili wa programu, itanichukua miezi mingapi na fedha kiasi gani kupata kitu cha namna hii? Jibu lake ndilo dari la bei. Na kabla ya bei ataomba karatasi: kama msimbo uliandikwa na vijana watatu wakisaidiana, mkataba unaoonyesha haki zote zimehamia kwa muuzaji uko wapi?

"Lebo haiwezi kupimwa kwa shilingi"

Inapimika. Tuchukue mfano wa kubuni wa mafuta ya alizeti. Kiwanda kinauza madumu 12,500 ya lita 5 kwa mwaka, kila moja shilingi 32,000. Mauzo ni milioni 400.

Njia ya kwanza ni kujifanya jina si lako. Ungelipa mrabaha kiasi gani kwa mwaka ili uruhusiwe kulitumia? Tuseme asilimia 3 ya mauzo, yaani milioni 12. Kwa kuwa jina ni lako, hizo milioni 12 unaziokoa. Ondoa kodi ya kampuni ya asilimia 30, inabaki milioni 8.4 kwa mwaka. Sasa, shilingi ya miaka mitano ijayo haina uzito wa shilingi ya leo, na kesho yenyewe ina mashaka: mvua zinaweza kugoma Singida na bei ya mbegu ikapaa, au mafuta ya kutoka nje yakamwagika sokoni. Kwa hiyo tunahesabu miaka mitano, na kila mwaka unapunguzwa kwa kiwango cha asilimia 20, yaani unagawanya kwa 1.2 mara moja kwa mwaka wa kwanza, mara mbili kwa wa pili, na kuendelea. Mwaka wa kwanza unakuwa milioni 7.0, wa pili 5.83, wa tatu 4.86, wa nne 4.05, wa tano 3.38. Jumla ni kama milioni 25.

Njia ya pili inaanzia dukani. Nenda Majengo au Sabasaba, linganisha dumu lako na dumu lisilo na jina lenye mafuta ya ubora uleule. Tuseme lako linauzwa shilingi 1,500 zaidi. Mara 12,500 ni milioni 18.75. Toa kinachokugharimu kulitunza jina, yaani kuchapa lebo, matangazo ya redio, posho za wanaozunguka madukani. Tuseme milioni 7. Inabaki 11.75, na baada ya kodi 8.225. Ukiipunguza kwa miaka ileile mitano unapata milioni 24 na ushee. Njia mbili zilizotokea pande tofauti zimekutana karibu, na hapo mthamini anaanza kupumua.

Tatizo liko kwenye maneno "ubora uleule". Watu husema chema chajiuza, na ni kweli, ila katika uthamini chema na jina hutenganishwa. Kama mafuta yako yamesafishwa na ya jirani ni ghafi yenye machicha chini ya dumu, sehemu ya zile 1,500 ni malipo ya mashine, na mashine imeshahesabiwa kwingine. Ukiiingiza tena kwenye jina umeihesabu mara mbili. Kosa hili nimeliona kwenye ripoti zilizoandikwa na watu wenye vyeti.

Angalia pia jinsi namba inavyoyumba. Mrabaha ukiwa asilimia 1, thamani inashuka hadi milioni 8.4, ukiwa asilimia 5, inapanda hadi karibu 42. Lebo ni ileile, dumu ni lilelile. Ndiyo maana ripoti inayotoa namba moja tu bila kueleza makadirio yake mimi huirudisha.

"Kuna asilimia ya kawaida ya mrabaha"

Kwa miaka mingi Marekani walikuwa na kanuni ya mkato: mwenye ubunifu apewe robo ya faida. Mwaka 2011 mahakama ya rufani huko, katika kesi ya Uniloc dhidi ya Microsoft, iliikataa kwa sababu haikuhusiana na ushahidi wa kesi yenyewe. Kwetu bado utaambiwa "kawaida ni asilimia 5". Kawaida ya nani, bidhaa gani? Jipime kwa faida yako: kama kiwanda kinabakiza milioni 15 kwa mwaka kabla ya kodi, hakuna mwenye akili timamu atakayekodi jina kwa milioni 12.

"Hataza ni fedha iliyokwisha kupatikana"

Hataza inakupa haki ya kuzuia wengine. Haikupi wateja. Hapa nchini inadumu miaka 10 tangu kuombwa, na inaweza kuongezwa mitano mara mbili, kisha kila mtu anaruhusiwa kutumia ubunifu huo. Hataza iliyobakiza miaka mitatu haiwezi kuthaminiwa kama iliyobakiza kumi na mitano, hata kama mashine inayolindwa ni moja.

Hata wakubwa huteleza. Kodak, kampuni ya kamera na filamu ya Marekani, ilipokuwa taabani, hataza zake za picha za kidijitali zilikadiriwa kufikia zaidi ya dola bilioni 2. Ziliuzwa kwa takriban dola milioni 525. Wanunuzi walijua muuzaji hana muda wa kusubiri.

Kwa fundi wa hapa hatari iko karibu zaidi. Ametengeneza mashine ya kupura uwele, anaipeleka Nane Nane pale Nzuguni, anaiwasha, anaeleza meno yamepangwaje na ungo unacheza kwa mwendo gani. Watu wamejaa, simu zimeinuliwa, video inarushwa hewani kabla ya jua kuzama. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kukosa sifa hiyo. Maombi yatangulie, maonyesho yafuate.

"Haipo kwenye mizania, basi haina thamani"

Hii ni ya wahasibu, wenye kuandaa mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, na ina chanzo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 38 kinakataza kampuni kuandika kama mali chapa iliyoikuza yenyewe au orodha ya wateja iliyoikusanya yenyewe. Lakini kampuni hiyo ikinunuliwa, mnunuzi anapaswa kuithamini chapa ileile na kuiandika kwenye vitabu vyake. Mizania imekaa kimya kwa sababu kanuni inaiziba mdomo.

"Siri ya biashara haiuziki"

Inauzika, mradi isiishi kichwani mwa mtu mmoja. Kama mchanganyiko wa mvinyo anaujua mzee mmoja tu, mnunuzi hanunui siri, ananunua afya ya mzee. Iandikwe, ifungiwe, na wanaoiona wasaini ahadi ya kutoitoa nje.

"Thamani ikishapatikana ni hiyo hiyo"

Benki inauliza: tukiikamata na kuiuza haraka tutapata nini? Namba itakuwa ndogo. Msambazaji mwenye malori yanayofika Mwanza na Dar es Salaam anaona jina lako litauza mara tatu ya sasa. Namba yake ni kubwa. Mahakama katika kesi ya kuigwa inatafuta hasara uliyopata. Wote wanaweza kuwa sahihi siku hiyohiyo. Kwa hiyo mthamini akianza kazi bila kukuuliza unaitaka ripoti kwa shughuli gani na kwa tarehe ipi, mtafute mwingine.

Utakachompelekea ni mauzo ya kila bidhaa peke yake kwa miaka mitatu hivi, risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zikiwepo, gharama za matangazo zilizotenganishwa na za uzalishaji, mikataba ya mawakala, na vyeti. Vyeti kagua tarehe kabla hujatoka nyumbani: alama ya biashara husajiliwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10.