Chokoraa ana kwao, jamani

Msimu wa wageni umefika tena. Juni mpaka Agosti makanisa ya Marekani, Uingereza na Korea yanaleta timu zao za wiki mbili hivi, tisheti za rangi moja, gitaa, puto, na kila timu nikikaa nayo kwa maandalizi swali la kwanza kuhusu watoto wa mtaani ni lile lile, "hawa mayatima tutawajengea wapi nyumba?" Nimejibu mpaka nimechoka. Na si wageni peke yao, mchungaji mwenyeji naye anaitikia amina hapo pembeni ilhali yeye ni mtu wa hapa hapa na anajua ukweli.

Haya, tuanze na hiyo ya yatima kwa sababu ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Wengi wa watoto tunaokutana nao Nairobi, Eldoret, Kitale, Nakuru wana mama, au baba, au nyanya, au shangazi anayejulikana kwa jina na kijiji. Sensa ya serikali ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mtaani Kenya nzima, Nairobi pekee 15,337, na humo ndani kuna wamama na watoto wao waliozaliwa hapo hapo base, yaani kijiwe wanacholala, sasa huyo ni yatima wa nani? Mwaka 2016 kuna watafiti walikusanya tafiti za nchi nyingi kuhusu kinachowatoa watoto nyumbani, umaskini ukaongoza na asilimia 39, ugomvi wa kifamilia 32, kudhulumiwa 26, na utundu ambao watu wanapenda kuusingizia ukapata kama 10 tu. Hayo yote yanatokea kwenye nyumba yenye watu.

Ndio, mtoto atakuambia yeye ni yatima, sikatai. Ameshajifunza kwamba akisema mama yuko Kapsabet mgeni anapoa, akisema wamekufa wote mgeni analia na viatu vinatoka kwenye begi. Wewe ungejibu nini?

Shida ni kwamba ukishaamini hana mtu, kinachofuata ni bweni, kibao kikubwa barabarani, na wafadhili wa kila mwezi kwa picha ya kila mtoto. Halafu habari zinafika kijijini kwamba kuna mahali wanakula mara tatu na kusoma bure, na shosho mwenye wajukuu watano na shamba la nusu ekari anafanya hesabu yake, anamleta mjukuu mmoja pamoja na mdogo wake. Hujapunguza watoto mtaani, umetoa wengine nyumbani. Na bweni si familia hata likipakwa rangi gani. Kule Bucharest, Romania, kuna utafiti ulianza mwaka 2000 wakalinganisha watoto waliobaki vituoni na waliopelekwa kwa familia za kulea, na wale wa familia wakawatangulia wenzao kwa akili na kwa kushikamana na mtu, hasa waliotolewa wakiwa bado wachanga. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya kulelea watoto Novemba 2017, sheria ya watoto ya 2022 inakiweka kituo mwisho kabisa wa orodha ya njia za kumlea mtoto, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwenye familia. Kwa hiyo mgeni anayetua na ramani ya jengo amekuja kujenga kitu ambacho nchi inajaribu kukifunga.

Ushauri wangu, na wenzangu wananicheka kwa kuurudia: usimuulize mtoto baba yako anaitwa nani. Atakupa jina la uongo na ana haki, hakujui. Muulize shule, muulize mwalimu aliyekuwa anachapa kuliko wote alikuwa nani, siku ya soko kwao ni gani, matatu aliyopanda kuja mjini aliipandia stage gani. Mwalimu mkali hakuna mtoto anayemsahau. Ukipata shule umempata chifu, ukimpata chifu umepata boma. Halafu nenda kwanza bila mtoto, uone kama kilichomfukuza bado kipo, maana kama ni baba wa kambo na mshipi wake humrudishi hapo hata ukilipwa, unatafuta shangazi, mjomba, nyanya. Na akisharudi ndio kazi inaanza, sare, daftari, nyanya apate mtaji kidogo wa kuuza mboga, na mtu wa kupita pale tena na tena kwa sababu wengine watapanda matatu warudi mjini na utaanza upya bila kununa. Kazi hii haina jiwe la msingi wala utepe wa kukata, nadhani ndio maana harambee yake haijai.

Hayo mengine wanayosema wageni nitayapitia haraka.

"Tuwagawie nguo na viatu pale pale barabarani." Jioni vimeshauzwa kwa bei ya kutupa, au wakubwa wa base wamewanyang'anya wadogo kwa kipigo. Leteni kwenye kituo cha mchana wanachooga na kula.

"Gundi ni ulevi tu, mpokonye chupa." Gundi inaua njaa, inapunguza baridi, inamwezesha kulala kwenye veranda anapoogopa kulala. Na huyu ambaye ametoka kuivuta sasa hivi usimshtue wala usimkimbize, moyo unaweza kusimama ghafla. Nimeona kijana wa timu anafukuzana na mtoto huku wenzake wanacheka, nilipiga kelele mpaka sauti ikaniisha.

"Wameokoka." Jamani, mimi ni mkristo, sisemi msihubiri. Lakini wale wanaonyosha mikono msimu huu ndio walionyosha kwa timu ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, wanajua sala ya toba kuliko shemasi. Chakula kikiwa baada ya maombi mkono utanyooshwa tu. Na mkienda Mombasa kumbukeni wengi wametoka nyumba za Kiislamu, wana dini yao na wana jamaa, na sheria hiyo ya 2022 inatambua hata kafala, yaani malezi ya mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu, kwa hiyo kabla ya kumbatiza mtoto wa watu mtafuteni mjomba wake.

"Ni watu wa kanisa, hawahitaji kukaguliwa." Hii nayo ife kabisa. Mmarekani aliyekuja kama mmisionari na kuendesha nyumba ya watoto Boito kule Bomet alihukumiwa kwao mwaka 2021 zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu wasichana aliodai anawalea. Cheti cha polisi cha kila mgeni kitangulie kabla ya tiketi, barua iende ofisi ya watoto ya kaunti ndogo mapema, hakuna mgeni kubaki peke yake na mtoto hata dakika mbili, na mchungaji mwenyeji akiona aibu kuwaambia wageni wake anitumie namba zao nitawaambia mimi.

Na picha za watoto wana chupa mdomoni zifutwe zote kabla hamjaondoka uwanja wa ndege.