Hakuna kipimo cha uongo, jamani

Juzi wakili kanipigia, salamu hata haijaisha: "Daktari, yule anayedai kaumia kichwa si kafeli kile kipimo chenu cha uongo? Andika tu kwamba anaigiza." Huyo ni wa tatu mwezi huu na uvumilivu umeniisha.

Sisi wanasaikolojia wa ubongo tunapima kama alama za mtu kwenye vipimo vya kumbukumbu zinaaminika, basi. Nia yake hakuna karatasi inayoipima.

Chukua kile cha picha. Unamwonyesha mtu picha 50 za vitu vya kawaida, halafu unamletea mbili mbili, moja kaiona na nyingine mpya, achague. Kinatisha kwa sura ila ni chepesi mno, hata walioumia kichwa vibaya wengi wanakipita. Aliyefumba macho akabahatisha tu atapata kama 25. Akipata 12? Bahati mbaya ya hivyo haifiki hata mara 1 kwa 1,000, ina maana jibu analijua na analikwepa. Hapo sawa, nitaandika kwa wino mzito, ila wa hivyo ni wachache sana.

Wanaoninyima usingizi ni wa katikati, waliozidi kubahatisha ila hawafiki mstari wa kufaulu: wenye 31, wenye 38. Vipimo vingi vya aina hii mstari wake umechorwa ukijua kabisa kwamba wagonjwa wa kweli kama 1 kwa 10 watafeli, sasa mpe mtu vipimo sita uone uwezekano wa kukosa angalau kimoja unavyopanda! Ndo maana kimoja hakitoshi. Mwenye dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu) iliyokolea naye anafeli kihalali, ila huyo hajileti kliniki mwenyewe.

Nilikuwa na kijana kaendesha gari mwenyewe, akanisimulia kona kwa kona njia ya panya aliyopita kukwepa foleni, dakika kumi baadaye hakumbuki picha aliyoiona sasa hivi. 31. Nikaandika alama zake zote haziaminiki, jeraha sijalithibitisha wala sijalikanusha, na mawakili wa pande zote mbili wakaninunia. Sababu yake siijui. Pesa? Inawezekana. Lakini nimeona pia walioumia kweli wakitia chumvi kwa sababu hakuna aliyewaamini mwanzoni, na hao kwenye karatasi wanafanana na matapeli kama mapacha.

Akiwa anavaa koti akaniuliza, "Nimefeli vya kutosha?" Akacheka. Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.