Kuunganisha kompyuta ya mezani na meinfremu: dhana potofu na ukweli wake

Simu ya kwanza ya asubuhi huwa ileile: "Kaka, mtandao umekata." Ukifika unakuta mtandao uko hai, mtu anasoma barua pepe na kufungua tovuti anayoitaka, ila lile dirisha jeusi lenye maandishi ya kijani limegoma. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuunganisha kompyuta za mezani na meinfremu, zile kompyuta kuu za IBM zinazobeba hesabu za mabenki, bima na mashirika ya ndege. Shida nyingi nilizokutana nazo hazikutokana na nyaya. Zilitokana na ile fomu ya mipangilio, ambayo mtu aliijaza kwa kukisia au aliinakili kwa mwenzake bila kujua kila kisanduku kinamaanisha nini.

Tuanzie mwaka 1971, IBM ilipotoa terminali za 3270, yaani skrini na kibodi vilivyofungwa kwa kebo hadi kwenye kompyuta kuu. Vyombo vyenyewe viliondoka madawatini siku nyingi, lugha yao ikabaki. Leo programu kama x3270, wc3270 au Personal Communications ya IBM hujifanya terminali hiyo, na kuipitisha lugha yake ndani ya TCP/IP, lugha ya mitandao ya leo, kwa utaratibu uitwao TN3270. Kompyuta kuu haiijui Windows yako wala laptopu yako. Inaona terminali tu, na inaamini kile ulichoieleza kuihusu. Karibu kila dhana potofu hapa chini inatokana na kulisahau hilo.

"Ni Telnet tu, programu yoyote itafaa"

Mazungumzo huanza kwa Telnet, ile njia ya zamani ya kuingia kompyuta ya mbali kwa maandishi, kweli, na poti ya kawaida (mlango wa huduma) ni ileile 23. Lakini sekunde ya kwanza tu pande mbili hukubaliana: terminali ni ya aina gani, data itapita katika hali ya baiti ghafi, na kila rekodi itafungwa kwa alama yake ya mwisho. Baada ya hapo hakuna tena mtiririko wa herufi moja moja. Kompyuta kuu hutuma ukurasa mzima wenye sehemu za kujaza na sehemu zilizofungwa, nawe unajaza hapo kwako, bila hata herufi moja kusafiri, mpaka ubonyeze Enter au mojawapo ya vitufe vya PF (kwenye kibodi yako ni F1, F2 na kuendelea). Programu ya Telnet isiyoijua lugha hii itakuonyesha takataka, au haitafika popote.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana nyingine, kwamba kibodi imekufa. Nilikuta mama mmoja wa idara ya hesabu amechomoa kibodi yake na kuichomeka matundu yote ya nyuma ya kompyuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, hii nayo imekufa, ni ya tatu mwaka huu." Kwenye mstari wa chini kabisa wa skrini kulikuwa na X, na kando yake kipicha cha mtu katikati ya mishale miwili. Maana yake ni hii: umeandika mahali palipofungwa, rudi kwenye sehemu ya kujaza. Terminali hufunga kibodi makusudi mpaka ukiri kosa. Nikabonyeza Ctrl ya kushoto, ambayo katika mpangilio wa kawaida wa Personal Communications ndiyo Reset, na X ikafutika. "Kumbe miaka yote hii ni kitufe kimoja?" Ndiyo mama, kitufe kimoja. Katika mpangilio huohuo Ctrl ya kulia ndiyo Enter, na Pause ndiyo Clear. Kibodi mbili zilizotupwa kabla ya hiyo hazikuwa na kosa lolote.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hulisahau. Clear, kitufe cha kusafisha skrini, na vitufe vya PA, vya kuiita programu ya upande wa pili, hupeleka ishara tu. Ulichoandika kwenye skrini hakiendi navyo. Ukijaza fomu nzima kisha ukabonyeza PA1, kazi yako inaweza kupotea.

"Nimepiga ping ikajibu, kwa hiyo tatizo liko upande wao"

Ping, ile amri ya kubisha hodi kwenye mashine, inakuambia kuna mashine inayojibu kwenye anwani ile. Haikuambii kama poti ya TN3270 iko wazi kwako. Kinyume chake pia ni kweli: kompyuta kuu nyingi zimezuiwa zisijibu ping kabisa, na huduma inaendelea vizuri. Jaribu poti yenyewe. Kwenye PowerShell ni `Test-NetConnection` ikifuatiwa na jina la mashine na `-Port 992` (hiyo ni ya muunganisho uliosimbwa, tutaifikia; kama yako ni 23, weka 23); kwenye Linux ni `nc -vz`, kisha jina la mashine na poti. Poti ikigoma, zungumza na watu wa faiawoli, ule ukuta unaochuja mawasiliano. Ikifunguka, rudi kwenye fomu yako.

"Mipangilio ya mwenzangu inafanya kazi, nanakili faili lake"

Hii ndiyo imenichosha kuliko zote. Kijana mmoja katika ofisi niliyowahi kuhudumia alipewa kompyuta kumi mpya. Akapanga moja vizuri kabisa, akaijaribu, ikaingia, kisha akanakili faili la mipangilio kwenye zile tisa. Kesho yake aliyefika mapema kuliko wote aliingia, wengine wote wakakataliwa. Keshokutwa akawahi mwingine, akaingia huyo. Ndani ya wiki moja ofisi nzima iliamini kwamba laini inabeba mtu mmoja, na barua ya kuomba laini kubwa ilikuwa imeshaandikwa.

Ndani ya faili lile kulikuwa na jina la LU. Hilo ni jina lisilozidi herufi 8, ambalo VTAM, programu inayosimamia mawasiliano kwenye kompyuta kuu, huitambulia terminali. Jina moja, terminali moja. Ukiomba jina ambalo mwingine amelishika, seva ya TN3270E, toleo lililopanuliwa la TN3270, hukujibu waziwazi `DEVICE-IN-USE`. Jibu hilo liko kwenye maelezo rasmi ya utaratibu huu, RFC 2355 ya mwaka 1998, pamoja na `INV-NAME` kwa jina lisilokubalika na `INV-DEVICE-TYPE` kwa aina ya terminali isiyokubalika. Lakini programu nyingi hulificha jibu nyuma ya ujumbe wa jumla kwamba muunganisho umeshindikana, na mtu anaishia kulaumu nyaya. Washa kumbukumbu ya mawasiliano kwenye programu yako ulione neno lenyewe.

Nilichofanya pale ni kufuta jina lile kwenye kompyuta zote kumi na kuacha kisanduku kitupu, ili seva igawe majina yenyewe kutoka kwenye akiba yake. Ilichukua dakika ishirini. Usikimbilie kufanya hivyo kila mahali, lakini. Kuna programu za kompyuta kuu zinazotoa ruhusa kwa kuangalia jina la LU, na kuna printa zinazofungamanishwa na terminali kwa jina hilo. Ukikosea la printa, risiti ya mteja aliyesimama mbele yako itatoka tawi jingine. Uliza kwanza: hapa jina ni la lazima, au ni mazoea?

"Chagua modeli kubwa, utaona mengi zaidi"

Modeli ya terminali namba 2 ni mistari 24 kwa safu 80, ya 3 ni 32 kwa 80, ya 4 ni 43 kwa 80, na ya 5 ni 27 kwa 132. Namba hizi hazifanani na kuvuta ukingo wa dirisha la Windows. Ni tamko kwa kompyuta kuu kuhusu ukubwa wa skrini yako. Programu iliyoandikwa kwa 24 kwa 80 itabaki hivyo hata ukitangaza 43, na mistari ya chini itakaa mitupu. Mpangilio wa kikao upande wa kompyuta kuu ukitarajia skrini kubwa kuliko uliyotangaza, data itaelekezwa mahali ambapo skrini yako haina, na utapata X yenye neno PROG. Anza na `IBM-3278-2-E`, ambamo 2 ndiyo modeli. Hiyo E ya mwisho inaruhusu rangi na mapambo mengine, kwa hiyo usiiondoe.

"Alama zinageuka, badilisha fonti"

Fonti haihusiki. Kompyuta kuu hutumia EBCDIC, utaratibu wa IBM wa kuwakilisha herufi kwa namba, ambamo A ni C1 (kwa heksadesimali), wakati kwenye ASCII, utaratibu wa kompyuta za kawaida, ni 41. Programu yako hutafsiri kwa kutumia jedwali unalolichagua wewe, na majedwali ni mengi: 037, 1047, 500 na mengineyo. Ugumu ni kwamba yanakubaliana karibu kila mahali. Barua ya Kiswahili itapita salama chini ya 037 au 1047, maana a hadi z, tarakimu, hata kile kikomo cha juu cha ng', vinakaa sehemu zilezile. Kwa hiyo kosa linaweza kulala miezi bila mtu kujua, mpaka siku anapokuja mwandishi wa programu za lugha ya C.

Mabano ya mraba katika 1047 ni AD na BD. Katika 037 ni BA na BB, na nafasi za AD na BD zimekaliwa na herufi nyingine. Basi `jina[10]` iliyoandikwa na mtu wa 1047 inaonekana kwa mtu wa 037 kama `jinaÝ10¨`. Ukiona Ý hiyo, tafadhali usiguse faili. Nimeona mtu mwema akikesha kuisahihisha kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka kwenye skrini yake kila kitu kikawa safi. Alikuwa ameandika baiti za BA na BB kwenye faili lililokuwa sahihi tangu mwanzo, na asubuhi mkusanyaji wa programu (compiler) akalikataa lote. Badilisha jedwali kwenye programu yako, kisha tazama tena.

"Mtandao ni wa ndani, na EBCDIC haisomeki, usimbaji wa nini?"

Chukua neno SIRI. Katika EBCDIC linapita kama E2 C9 D9 C9. Kwa jicho la mtu ni fumbo. Kwa Wireshark, programu ya bure ya kusikiliza mtandao, ni lugha inayoijua na kuitafsiri bila kuombwa. Nywila yako isiyosimbwa iko wazi kwa yeyote aliye kwenye njia hiyo. Na wanaodhani hakuna anayehangaika na mashine hizi wakumbuke kesi ya kampuni ya Logica nchini Sweden: mwaka 2013 mahakama ilimtia hatiani Gottfrid Svartholm Warg, mmoja wa waanzilishi wa tovuti ya The Pirate Bay, kwa kuingia bila ruhusa kwenye mifumo ya kampuni hiyo, meinfremu ikiwemo.

Tumia TLS, utaratibu wa kusimba mawasiliano yasisomwe njiani, kwa desturi kupitia poti 992. Kwenye x3270 unatanguliza `L:` mbele ya jina la mashine. Halafu linakuja onyo kwamba cheti, yaani kitambulisho cha kompyuta kuu, hakiaminiki, na hapa ndipo watu wazuri huharibu: wanazima ukaguzi wa cheti ili kazi iende. Usimbaji bila ukaguzi unamzuia anayesikiliza pembeni, ila haumzuii aliyejiweka katikati na kujifanya yeye ndiye kompyuta kuu. Omba cheti cha mamlaka iliyosaini, kiweke kwenye kompyuta yako, na uandike jina la mashine kama lilivyo kwenye cheti. Ukiandika namba ya IP mahali pa jina, ukaguzi unaweza kukataa hata cheti halali.

"Nimefunga dirisha, nimeshatoka"

Umefunga dirisha tu. Kikao chako cha TSO, ile sehemu ya kompyuta kuu unamofanyia kazi kwa kuandika amri, kinaweza kuwa bado kinakusubiri, na ukirudi unaambiwa umeshaingia tayari, kwa ujumbe wa IKJ56425I. Kwenye ukurasa wa kuingilia kuna chaguo la Reconnect. Weka S mbele yake urudi palepale ulipoacha. Kutoka kwenyewe ni kuandika `LOGOFF`.

Kuna ndugu yake aliyefichika zaidi. Mtu anakwenda kula, anarudi, na skrini inaonekana vilevile ila Enter haijibu. Faiawoli iliyo njiani imeshasahau muunganisho uliokaa kimya, na hakuna upande ulioambiwa. Washa kwenye programu yako mpangilio wa kutuma ishara ya uhai, kwa muda mfupi kuliko subira ya faiawoli. Kwenye x3270 mpangilio huo unaitwa `nopSeconds`.

"Huwezi kujifunza haya bila kuajiriwa benki"

Vijana wengi wameniambia hivi, na kila mara inaniuma, kwa sababu si kweli. Mwaka 1999 Roger Bowler alianzisha Hercules, programu ya bure inayoigiza meinfremu nzima ndani ya kompyuta ya kawaida. Juu yake unaweza kuendesha MVS 3.8j, mfumo wa zamani wa IBM, kupitia kifurushi kilichokwishaandaliwa kiitwacho TK4-. Laptopu iliyotumika ya Kariakoo au ya River Road inaubeba bila kutoa jasho.

Iwashe, fungua c3270 au wc3270, andika `127.0.0.1:3270`, yaani kompyuta yako mwenyewe, poti 3270. Ukurasa wa kuingilia ukitokea, jina ni HERC01 na nywila ni CUL8TR. Kisha anza kuharibu makusudi. Badilisha modeli, badilisha jedwali la herufi, andika mahali palipofungwa, funga dirisha bila `LOGOFF`, na kila mara usome ule mstari wa chini kabla hujagusa kitu kingine.