Oksijeni ikipanda ghafla kwenye tangi la majitaka

Opereta mgeni wa mtambo wa kusafisha majitaka akiona kipimo cha oksijeni tangini kimepanda ghafla, na vipulizia hewa havijaguswa, hufurahi. Mzoefu hushtuka. Oksijeni imezidi kwa sababu walaji wameacha kupumua.

Walaji hao ni bakteria. Mwaka 1914, mjini Manchester, Uingereza, Ardern na Lockett walionyesha kuwa tope la majitaka likipulizwa hewa, likahifadhiwa na kutumika tena, husafisha maji kwa saa chache. Ndilo tope hai, na kama kiumbe chochote, hulishwa chakula, na hulishwa sumu pia: sianidi, shaba na zinki za karakana za kupaka metali, salfaidi ya viwanda vya ngozi, dawa kali za kuoshea matangi.

Bakteria hao hawadhuriki sawa. Wanaokula uchafu wa kawaida huzaana kwa saa chache, hivyo wakibaki kidogo hurudi upesi. Shida ni bakteria aina ya Nitrosomonas na wenzake wanaobadili amonia. Hao huhitaji takriban siku nzima, na mara nyingi hata zaidi ya hapo, kuongezeka maradufu. Wakifa leo, mtambo unaweza kukaa wiki kadhaa ukipitisha amonia hadi mtoni, na amonia huua samaki. Sisi wa maabara tunautumia udhaifu wao makusudi: tukipima uchafu unaooza kwa oksijeni inayotumika, tunatia kemikali iitwayo alilithiourea, miligramu 2 tu kwa lita, ili oksijeni yao isihesabiwe. Wao husimama kazi; wengine wanaendelea kula kama kawaida.

Kemikali mpya tunaipima kwa njia namba 209 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi lenye miongozo ya kupima kemikali. Tope hai huchanganywa na chakula na kemikali, kisha baada ya saa 3 tunapima kasi ya upumuaji. Tunatafuta kiwango kinachoipunguza kwa nusu.

Kiwango ndicho kila kitu. Fenoli, kemikali ya viwandani, ikiwa kidogo, kwa bakteria waliokwisha kuizoea, ni chakula. Ikija kwa mkupuo ni sumu. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayesema “mbona tunamwaga kila siku” huenda hasemi uongo, mpaka siku anayoosha matangi yote kwa pamoja. Tangi la kusawazisha, linalotoa maji kidogo kidogo, lingemaliza kesi hiyo. Kwa shaba halitoshi: metali hailiwi, hubaki kwenye tope, basi inaswe kiwandani kwenyewe.

Na wewe opereta, kipimo kikipanda hivyo, chota sampuli ya maji yanayoingia saa hiyohiyo. Ukingoja asubuhi, sumu itakuwa imeshapita.