Toyota 86 kwenye saketi: anza na rimu, tairi lifuate

Mtu akinunua Toyota 86 kwa ajili ya saketi, swali lake la kwanza huwa ni upana wa tairi. Mimi naanza na rimu. Tairi pana kwenye rimu nyembamba ni hasara: mbavu zake zinafura kupita ukingo wa rimu, gari likiingia kwenye kona zinalala, na kazi yote inaangukia bega la nje. Utakuta bega hilo limelika huku katikati meno bado yapo. Usukani nao unachelewa kujibu. Viwango vya watengenezaji wa matairi viko wazi: 225/45R17 (upana wa milimita 225, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17) inakubali rimu yenye upana wa inchi 7 hadi 8.5, na 245/40R17 inakubali inchi 8 hadi 9.5. Kwa saketi usikae kwenye kiwango cha chini. 225 naiwekea rimu ya inchi 8, 245 naiwekea inchi 9.

86 za kwanza, zilizoanza kuuzwa 2012, nyingi zilitoka kiwandani na 215/45R17 kwenye rimu ya 17x7 (kipenyo kwa upana, kwa inchi) yenye ofseti ET48, ambayo nitaieleza hapa chini. Kipenyo cha tairi hilo ndicho kipimo chako cha kulinganishia. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, kisha ongeza inchi za rimu mara 25.4: 215 x 0.45 x 2 ni 193.5, ukijumlisha 431.8 unapata karibu milimita 625. Kwa hesabu hiyohiyo, 225/45R17 inafika 634, 245/40R17 inafika 628, na 235/40R17 inashuka hadi 620. Kwa kipenyo, zote hizo zinakaa vizuri kwenye gari hili.

Sasa angalia 235/40R18, saizi ambayo watu huivalisha kwa sababu ya sura. Inafika milimita 645, yaani zaidi ya kiwanda kwa asilimia 3.2. Maana yake kila gia imekuwa ndefu kwa kiasi hicho, spidomita inasoma pungufu kuliko mwendo wako halisi, na gari limenyanyuka milimita 10. Injini ya lita 2.0 ina nguvu za farasi 200 na Nm 205 tu. Haina akiba ya kulipia gia zilizorefushwa. Inchi 18 pia huja na uzito zaidi, na uzito huo uko mbali na kitovu, mahali ambapo injini na breki zinausikia zaidi. Sababu ya kweli ya kwenda 18 ni breki kubwa zisizoingia kwenye 17. Diski ya mbele ya kiwanda ni milimita 294, na 17 inaifunika bila shida. Hata GR86 mpya ya lita 2.4 inayokuja na 215/40R18, ikiwa na breki za kawaida, mimi ningeirudisha kwenye 17 kwa siku za saketi.

Matairi yote manne yawe saizi moja. Uzito wa 86 umegawanyika takribani 53 mbele na 47 nyuma, na ukiweka matairi mapana nyuma peke yake, pua itasukuma nje kila kona huku nyuma ikiwa na mshiko usioutumia. Saizi moja inakuruhusu pia kuhamisha ya mbele kwenda nyuma, na kwenye saketi ya mbele ndiyo hulika upesi.

Ofseti ndiyo inayowaumiza wengi. ET ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, kitovu ambacho rimu inafungwa. Usiilinganishe peke yake. Ilinganishe pamoja na upana. Rimu ya kiwanda ya inchi 7 ni milimita 178, nusu yake 89. Upande wa ndani unafika 89 + 48, yaani 137 kutoka kwenye habu. Upande wa nje 89 - 48, yaani 41. Chukua 17x9 ET45: nusu yake ni 114, kwa hiyo ndani inafika 159 na nje 69. Umesogea milimita 22 kuelekea shokapu na 28 kuelekea madigadi. Kwa 17x8 ET45 unasogea 10 tu ndani na 16 nje, ndiyo maana 225 kwenye rimu hiyo huvaa bila kugusa chochote kwenye gari lenye springi za kiwanda.

Kwa 245 kwenye inchi 9 mambo ni tofauti. Unahitaji kemba hasi ya mbele, yaani tairi liegemee ndani upande wa juu, kati ya nyuzi 2.5 na 3, na nyuma karibu 2. Bila hiyo tairi linagusa madigadi, na tena hulitumii lote, kwa sababu shokapu za mbele za gari hili hupoteza kemba gari linapolala kwenye kona. Njia ya kuipata kemba nayo ina uzito wake. Bolti za kemba, zile zinazokaa chini pale shokapu inaposhikana na nako (kipande kinachobeba habu), zinainamisha tairi peke yake, kwa hiyo sehemu ya juu ya tairi inasogelea shokapu. Sahani za kemba zinazofungwa juu kwenye bodi zinainamisha shokapu na tairi kwa pamoja, na nafasi kati yao haibadiliki. Mwenye rimu ya inchi 9 asitegemee bolti za chini. Nafasi ya ndani haitamtosha.

Kabla ya kulipia seti nzima, omba rimu moja yenye tairi uijaribu. Bandika vipande vya plastisini (udongo laini wa kuchezea) kwenye shokapu na ndani ya madigadi, funga tairi, kisha weka jeki chini ya mkono wa suspensheni na unyanyue mpaka suspensheni ijibane. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Fungua, pima unene wa plastisini iliyobaki. Kwenye shokapu nataka angalau milimita 5. Angalia pia mikono ya rimu inapopita mbele ya kalipa ya breki: rimu mbili za 17x9 ET45 zinaweza kutofautiana kabisa hapo, kwa sababu mikono ya moja imenyooka na ya nyingine imejikunja nje.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa jina. Gari linaitwa Toyota, lakini habu zake ni za Subaru. Matundu ni 5x100, yaani matano kwenye duara la milimita 100, tundu la kati ni milimita 56.1, na bolti zinazotoka kwenye habu ni M12 (unene wa milimita 12) zenye meno ya 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino hadi jino. Toyota nyingi zinatumia M12 yenye meno ya 1.5. Nati ya Corolla itashika mzunguko mmoja au miwili kwenye bolti ya 86, kisha itagoma; fundi akiilazimisha kwa mashine ya upepo, bolti imekwisha. Rimu za Wish au Allion nazo ni 5x100, lakini tundu lao la kati ni 54.1, haziingii kwenye habu. Usikubali kuzichonga kiholela. Anayetafuta rimu za mtumba za bei nafuu aulizie za Impreza STI za 2001 hadi 2004, 17x7.5 ET53: matundu ni yaleyale, tundu la kati ni lilelile, na zinabeba 225/45R17 vizuri. Za STI za 2005 na kuendelea ni 5x114.3, ziache. Rimu ya mtumba igeuze, uifute ndani, utafute nyufa karibu na ukingo, na utafute alama ya JWL, ya kiwango cha rimu cha Japani, iliyochongwa kwenye chuma chenyewe.

Kuhusu tairi lenyewe, hesabu upatikanaji kabla ya ushindani. 225/45R17 hutumika kwenye Golf GTI, Impreza WRX na Mercedes C-Class, kwa hiyo likipasuka utapata mbadala mjini. 245/40R17 ya saketi, kama Yokohama A052 au Nankang AR-1, mara nyingi huagizwa. Soma tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2321 ni wiki ya 23 ya 2021. Tairi la mbio lililokaa miaka sita hukauka hata kama meno yote yapo.

Anza na upepo wa psi 27 au 28 tairi likiwa baridi, ukilenga 33 hadi 35 ukitoka saketi moto. Punguza upepo palepale likizidi. Nati kaza kwa Nm 120 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na rudia kuzikagua baada ya mizunguko ya kwanza, rimu zikishapoa. Ukiona bega la ndani linang'aa kwa kugusa shokapu, kipande cha kusogeza rimu nje cha milimita 3 kinatosha, lakini hesabu mizunguko ya nati: iingie angalau 10. Ikipungua, badilisha bolti uweke ndefu.